Kompyuta ya Maabara Haijafa, Inasubiri

Wasomi wenzangu, kikao cha viongozi wa madarasa cha mwezi uliopita kimepitisha hoja mbili zipelekwe kitengo cha TEHAMA kwa jina letu sote. Ya kwanza: mwanafunzi aruhusiwe kuzima kompyuta ya maabara kwa kubonyeza swichi ikiganda zaidi ya dakika tano. Ya pili, ambayo inaonekana imeandikwa na mtu aliyesoma kidogo: mafaili yetu yaliyoko kwenye seva yapachikwe kwa chaguo la soft badala ya hard, "ili kompyuta zisigande tena". Nimezisoma mara tatu. Nazipinga zote mbili, na sababu zangu si za kuwatetea TEHAMA. TEHAMA nao nitawafikia.

Tuanze na jambo ambalo wengi wanaolalamika hawalijui. Ukiingia kwenye kompyuta yoyote ya maabara kwa jina lako na nywila yako, unakuta mafaili yako yaleyale, mandhari ileile, hata ule mradi ulioacha jana kwenye kompyuta ya dirishani. Hakuna uchawi hapo. Mafaili hayamo ndani ya kompyuta hiyo. Yako kwenye seva moja, na kila kompyuta inayafikia kwa mtandao kupitia NFS, utaratibu uliobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems katika miaka ya 1980. Toleo lake la 2 liliandikwa rasmi mwaka 1989 katika RFC 1094, la 3 mwaka 1995, na la 4 likafuata mwaka 2000. Folda yako ya nyumbani inapachikwa kwenye mti wa mafaili wa kompyuta (kazi ya amri ya mount), na kuanzia hapo programu zako hazioni tofauti kati yake na diski ya ndani. Hapo ndipo penye raha yake, na hapo hapo ndipo penye balaa.

Waliobuni NFS walijiuliza: seva ikizimika katikati ya kazi, kompyuta ya upande wa pili ifanye nini? Jibu lao lilikuwa: isubiri. Seva ya matoleo ya mwanzo haikukumbuka nani amefungua faili gani. Kila ombi lilijitosheleza lenyewe: nipe baiti kadhaa za faili fulani, kuanzia mahali fulani. Ombi likipotea, unalirudia. Ukilirudia mara mia jibu ni lilelile. Seva ikirudi baada ya dakika tano au saa tano, ombi linajibiwa, na programu iliyoomba haijui hata kama kulitokea kitu. Kwake ilikuwa ni diski iliyochelewa tu. Toleo la 4 lilibadilisha mengi, seva ikaanza kukumbuka nani ameshika nini, lakini tabia hii ya kusubiri ilibaki.

Ndiyo maana kwenye kumbukumbu za Linux unakuta ujumbe unaosema: nfs: server fulani not responding, still trying. Seva haijibu, bado najaribu. Sisi tunasoma "haijibu" tunaishia hapo, kumbe habari yenyewe iko kwenye "bado najaribu". Seva ikirudi, unakuja ujumbe mwingine mfupi: server fulani OK. Kati ya ujumbe wa kwanza na wa pili kompyuta haijaharibika. Iko kazini, ila kazi yake kwa wakati huo ni kubisha hodi.

Sasa ukiangalia kwa ps, programu iliyokwama utaiona ina herufi D kwenye safu ya hali. D ni usingizi usioamshwa: mchakato umeomba kitu kwa kiini cha mfumo, na kiini hakitaurudisha mpaka jibu lipatikane. Zamani hata kill -9 ilikuwa haiugusi, na hapo ndipo ilipozaliwa imani kwamba dawa ni swichi ya umeme. Kuanzia Linux 2.6.25, ya mwaka 2008, mchakato unaosubiri NFS unaweza kuuawa kwa kill -9 katika hali nyingi. Chaguo la zamani la intr, ambalo bado nakutana nalo kwenye madesa ya kozi yetu ya mifumo endeshi, halina kazi yoyote tangu wakati huo. Kiini kinalipokea na kulipuuza. Madesa yana umri kuliko baadhi yetu.

Kwa kupita tu: ukiona kipimo cha mzigo, ile load average, kimefika 30 au 40 huku prosesa imelala, usianze kusema kuna mtu anachimba bitcoin. Linux inahesabu pia michakato iliyo kwenye D. Watu 40 wanaosubiri seva moja ni mzigo wa 40, na hakuna hata mmoja anayefanya hesabu. Tuhuma ya namna hiyo ilishamfikisha mwenzetu mmoja kuhojiwa bure.

Nirudi kwenye hoja ya kwanza. Unapoizima kwa swichi kompyuta iliyoganda, unatupa nini? Programu ikiandika kwenye faili, maandishi hayaendi kwenye seva hapo hapo. Yanakaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta, halafu yanatumwa taratibu. Seva isipojibu, yanaendelea kukaa pale yakisubiri, na kwa hard yatatumwa yote itakaporudi. Kwa hiyo kompyuta iliyoganda ina kazi yako mkononi, na kuizima ni kuipiga mkono ili idondoshe. Tena si kazi yako peke yako. Kompyuta zile zinaingiwa pia kwa ssh kutoka hosteli, na unaweza kuwa umemdondoshea mtu ambaye hujawahi hata kumwona. Na baada ya yote hayo unapata nini? Kompyuta inawaka upya, inafika kwenye hatua ya kupachika folda kutoka seva ileile isiyojibu, na inaganda tena, safari hii huna hata dirisha la kuandikia amri. Umetoka kwenye kompyuta iliyokwama yenye kazi yako ndani, umeingia kwenye kompyuta iliyokwama isiyo na kitu.

Hoja ya pili ni ya hatari zaidi, kwa sababu inafanya kazi. Ukiweka soft, kompyuta inajaribu mara chache, kisha inakata tamaa na kuirudishia programu kosa la kusoma au kuandika. Skrini haigandi milele. Kila mtu anafurahi. Kurasa za mwongozo wa nfs, zile za man, zimeonya wazi kwamba soft inaweza kuharibu data kimyakimya katika hali fulani. Kimyakimya ndilo neno la kulishika.

Niwaeleze kilichotokea mwaka jana, maana wengi waliopiga kura hawakuwepo. Jioni moja umeme ulikatika. Betri zikashikilia, jenereta ikawaka, seva ikawa hai na kompyuta za maabara zikawa hai. Lakini kabati la swichi ya mtandao la ghorofa ile halikuwa kwenye laini ya jenereta. Kwa dakika 40 hivi, kompyuta na seva zilikuwa hai pande mbili na katikati hakuna njia. Ndani ya maabara walikuwemo wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, kila mmoja akiendesha programu ya mradi wake. Mmoja alikuwa kwenye kompyuta ya kawaida, yenye hard. Wa pili alikuwa kwenye moja ya zile nne za pembeni, ambazo wakati huo zilikuwa zimewekwa soft kwa majaribio.

Wa kwanza aliganda. Alilaani, akatoka kunywa chai, akarudi, ikawa bado. Swichi ilipopata umeme programu iliendelea pale ilipoishia na kumaliza usiku ule, faili lake zima. Wa pili hakuganda muda wote ule. Programu yake iliendelea mpaka mwisho bila neno, akaondoka akimcheka mwenzake. Wiki tatu baadaye msimamizi wake akamuuliza kuhusu grafu: huu mto wako umekauka kabisa halafu ukafurika kwa mpigo, imekuwaje? Faili lilikuwa na ukubwa sahihi. Lina mwanzo na lina mwisho. Katikati palikuwa na kipande kirefu cha sifuri tupu. Yale maandishi ya dakika zile yalishindwa kufika, kiini kikatoa taarifa ya kosa, na programu yake, iliyoandikwa kwa C kama tulivyofundishwa, haikuangalia kama fwrite na fclose zimerudisha nini. Maandishi yaliyofuata yakaandikwa mahali pake, mbele ya shimo.

Utasema kosa ni la programu, angeangalia. Sawa. Nionyeshe programu yako ya kozi inayoangalia fclose imerudisha nini. Nionyeshe ya mhadhiri wako. Jamaa alirudia uigaji wote, tarehe ya kutetea mradi ikampita, akabaki chuoni muhula mwingine bila bumu, anakula kwa wenzake. Kama ile kompyuta ingeganda kwa dakika 40 na kumuudhi, angekuwa amehitimu. Hii ndiyo "haigandi tena" tunayoiombea kwa maandishi na mhuri wa umoja wetu.

Basi tufanye nini inapoganda? Hapa ndipo ninapotofautiana na pande zote mbili, wenye kuzima na wenye kusema "mwite fundi ukae". Kuna dakika tano za kazi ambazo mwanafunzi yeyote anaweza kuzifanya, na zinatosha kujua ugonjwa uko wapi.

Cha kwanza ni kujua usichotakiwa kuandika. Watu wakiona kimya wanaandika df kuona kama diski imejaa. df inauliza kila folda iliyopachikwa, ikiwemo iliyokufa, na yenyewe inakwama. ls kwenye folda hiyo, inakwama. lsof, mara nyingi inakwama. Ukibonyeza Tab ikumalizie jina la folda, inakwama. Sasa una madirisha manne yaliyoganda badala ya moja, na ukimwonyesha mtu anaamini kompyuta nzima imekufa. Tumia df -l, inayoangalia diski za ndani tu. Soma /proc/mounts kwa cat, kwa sababu hiyo inatoka kwenye kiini chenyewe, haimuulizi mtu nje, na itakuonyesha nini kimepachikwa kutoka wapi, na kama ni hard au soft. Kama folda ya bin iliyo nyumbani kwako iko mwanzoni mwa PATH, kila amri utakayoandika itatafutwa kwanza huko kwenye folda iliyokufa, kwa hiyo anza kwa PATH=/usr/bin:/bin na cd /. Watu wengi wameishia hapo bila kujua: wanafikiri cat imekufa, kumbe ni njia ya kwenda kwenye cat.

Kisha hakikisha ni folda ipi. timeout -s KILL 5 stat -f ikifuatiwa na jina la folda inatosha: inauliza, inasubiri sekunde tano, ikikosa jibu inakufa. Kwa ps -eo pid,stat,wchan:30,cmd utaona michakato yenye D inasubiri wapi ndani ya kiini. Ukiona jina linaloanza na rpc au nfs, umeshapata mtuhumiwa. Wenye FreeBSD kwenye laptopu zao wana raha zaidi, wanabonyeza Ctrl na T na mfumo unawaambia programu iliyoko mbele yao imekwama kwenye nini.

Halafu njia. Geuka umuulize jirani kwanza: na yako? Kama ni yako peke yako, angalia kebo, usijifanye mhandisi. Kama ni mstari mzima, fikiria swichi. Kama ni jengo zima, fikiria seva. Baada ya hapo ping -c 3 kwa seva. Ping ikijibu usiseme "seva iko poa", maana ping inajibiwa na kiini cha seva hata kama huduma ya mafaili imelala. Gonga mlango wenyewe, poti 2049: nc -zv -w 3, jina la seva, 2049. Majibu ni ya aina tatu na kila moja lina maana yake. Ikikubali, kuna mtu mlangoni. Ikikataa papo hapo, mashine iko hai lakini huduma ya NFS haijawashwa. Ikinyamaza mpaka muda uishe, pakiti zinapotea njiani, au kuna fayawoli inazitupa bila kusema. Ukataaji na ukimya ni vitu viwili tofauti kabisa, na kwenye malalamiko yetu tunaviandika kwa neno moja: "haifungui".

Mlango ukiwa wazi, uliza kama ndani kuna mtu anayefanya kazi: rpcinfo -t, jina la seva, nfs 4. Ikiwa nzima itakujibu kwamba programu namba 100003 iko tayari. Kama poti inakubali lakini swali hili halijibiwi, basi tatizo limeshaingia ndani ya seva: wafanyakazi wake wote wameshikwa. Linux kwa miaka mingi iliweka wafanyakazi 8 wa nfsd kama hujabadilisha, na diski moja inayokufa inaweza kuwashika wote wanane huku foleni ikiwa nje. Hapo kazi ya mwanafunzi imeisha, lakini angalia umefika wapi. Hujasema "kompyuta imeganda". Umesema "poti 2049 inafunguka, rpcinfo haijibu, tangu saa nane na robo". Fundi anaanzia kwenye diski ya seva badala ya kuanza kuzunguka na bisibisi kwenye kompyuta 60.

Kuna ugonjwa mmoja ninaoupenda, kama mtu anaweza kupenda ugonjwa, kwa sababu unawafanya watu wabishane. Folda inafunguka. Majina ya mafaili yanaonekana. Faili dogo la maneno mawili linasomeka. Faili la megabaiti mbili, kimya. Mmoja anasema seva nzima, mwingine anasema imekufa, na wote wana ushahidi. Mara nyingi hapo ni ukubwa wa pakiti. Mtu aliwahi kuongeza ukubwa mpaka baiti 9000 kwenye seva na kwenye kompyuta, ili kasi iongezeke, ikafanya kazi vizuri. Baadaye katikati ikafungwa swichi nyingine isiyopitisha zaidi ya 1500, nayo inazitupa pakiti kubwa bila kumwambia yeyote. Majibu madogo yanapita chini ya kizuizi, makubwa hayapiti kamwe, na kompyuta inayarudia kwa uaminifu mpaka kiama. Kipimo chake ni amri mbili: ping -M do -s 1472, kisha ping -M do -s 8972, ukimalizia kila moja kwa jina la seva. Baiti 28 zinaongezwa na vichwa vya pakiti, ndiyo unapata 1500 na 9000. Ya kwanza ikipita na ya pili ikanyamaza, wakati kompyuta yako imewekwa 9000, mjadala umekwisha, na huhitaji kuzima chochote.

Tofautisha pia na ujumbe wa Stale file handle. Huo si ukimya. Seva imejibu, tena haraka, ikisema: kitu unachokitaja sikijui tena. Hutokea folda ilipofutwa au diski ya seva ilipotengenezwa upya huku wewe umeshikilia anwani ya zamani. Kusubiri hapo hakusaidii. Toka kwenye folda, ingia tena, na ikibidi ipachikwe upya. Ninaona watu wakiita magonjwa haya mawili kwa jina moja na kutaka dawa moja.

Wenye ruhusa ya mzizi watasema kuna umount -f na umount -l. Zipo. -f inalazimisha, na inaua maombi yanayosubiri, kwa hiyo irudie aya ya mto uliokauka kabla ya kuitumia. -l inaondoa folda kwenye mti wa mafaili ili isionekane, lakini michakato iliyokwama inabaki imekwama ilivyokuwa. Ni kufunika kombe mwanaharamu apite. Inafaa pale unapotaka df ya watu wengine ifanye kazi, haifai kama tiba. Nimeona ikitumika kama tiba.

Nilisema TEHAMA nitawafikia. Tunawalaumu kwa kuganda, na mimi nasema tuwalaumu kwa mengine kabisa. Kwa nini kompyuta na seva ziwe kwenye laini ya jenereta na kabati la swichi lisiwe? Mto wa yule jamaa ulikaukia pale. Kwa nini hakuna hata akaunti moja ya kawaida kwenye kila kompyuta ambayo folda yake ya nyumbani iko kwenye diski ya ndani? Sasa hivi seva ikinyamaza, hata anayetaka kufanya uchunguzi wote nilioueleza hawezi kuingia, kwa sababu kuingia kwenyewe kunasoma mafaili kutoka seva. Akaunti ya mgeni isiyogusa NFS, ikiwa na ping, nc na rpcinfo, haigharimu kitu. Kwa nini ujumbe wa kiini tusiruhusiwe kuusoma? dmesg imefungwa kwa mwanafunzi, nasi tunaambiwa tueleze tatizo "kwa kina". Kutuweka kwenye kundi la systemd-journal kunatupa kusoma, hakutupi kuvunja. Na folda za miradi zingeweza kupachikwa kwa autofs, pale tu zinapohitajika, ili seva ya kitivo kimoja ikilala isimgandishe mtu wa kitivo kingine ambaye hakuwahi hata kuigusa.

Hili la mwisho lina historia. Mwaka 1987 Leslie Lamport, mtu mkubwa wa sayansi ya kompyuta, aliwaandikia wenzake kazini barua pepe akifafanua mfumo uliosambaa: ni ule ambao kompyuta usiyojua hata kama ipo ikiharibika, ya kwako haitumiki. Aliandika kwa utani. Sisi hapa tumeujenga utani huo tukaufunga kwenye ukuta.

Na jambo dogo ambalo TEHAMA wangelibandika mlangoni tungeokoa matusi mengi. Seva ya NFS toleo la 4 ikiwashwa upya, inaingia kwenye kipindi cha neema, kwenye Linux ni sekunde 90 kama hakijabadilishwa, ambapo inasubiri waliokuwa wameshika mafaili warudi kuyadai. Ndani ya sekunde hizo kufungua faili kunaweza kukwama ingawa seva imeshawaka. Kila mara inapowashwa upya, ndani ya dakika moja na nusu kuna mtu anapiga kelele kwamba "haijapona", na kuna siku walimsikiliza wakaiwasha tena, sekunde 90 zikaanza upya.

Nimeambiwa ninatetea mateso, kwamba mwanafunzi mwenye kazi ya kukabidhi saa sita usiku hawezi kukaa anaangalia skrini iliyoganda akifarijiwa na RFC. Ni kweli hawezi. Ndiyo maana nataka ajue ndani ya dakika tano kama ni kebo, swichi au seva, aamue kusubiri au kwenda kwa mhadhiri na karatasi yenye saa na majibu ya amri, akiomba nyongeza ya muda kwa ushahidi. Mhadhiri anaweza kubishana na "mtandao ulisumbua". Hawezi kubishana na poti 2049 iliyonyamaza kuanzia saa tatu na dakika kumi, kwenye kompyuta sita, na majina ya waliokuwepo. Kama umoja wetu unataka kupeleka hoja, upeleke hiyo: ripoti ya namna hiyo itambuliwe rasmi kama sababu ya kuongezewa muda.

Na wale wa soft, nawaachia sehemu yenu. Kuna ile folda ya pamoja ya madesa na mitihani iliyopita, ya kusoma tu, hakuna anayeandika humo. Kwenye hiyo, seva isipojibu, hakuna kazi ya mtu inayoning'inia, na programu ikipewa kosa haitaharibu chochote. Hiyo iwekwe ro na soft hata leo mchana, na mkono wangu nitaunyoosha wa kwanza. Folda za nyumbani na za miradi ziacheni kwenye hard.